Usiitike Handakini

Oktoba 4
Dada Fen, nisamehe. Daftari hili ulinipa pale stesheni baada ya kumzika mama, ukasema niandike kila siku halafu nikutumie lote mwaka ukiisha, usome kama vile tumekaa jikoni. Ule ulikuwa mwezi wa tano. Leo ni Oktoba na hata jina sijaandika kwenye jalada. Sina sababu ya maana. Pin anaota meno, baba yao yuko barabarani na lori la makontena, na mimi nikitoka sokoni kusafisha ngisi mikono inanuka mpaka naionea kalamu huruma. Lakini leo nimeogopa, na nikiogopa nimezoea kukwambia wewe.

Ruru kaja na karatasi kutoka shule. Darasa lao la tatu lina mwalimu mpya, Mwalimu Tsai, binti mdogo wa Taipei. Muhula huu atawatoa Jumatano mchana wakajionee mambo ya hapa Keelung: nyumba ya afisa wa Kijapani, mizinga ya ngomeni, na mwisho mahandaki ya mlimani ambamo watu walijificha mabomu ya Wamarekani. Sisi tulikaririshwa mito ya China bara ambayo hakuna aliyewahi kunawa maji yake, na hakuna aliyetuambia kwamba mlima wa nyuma ya shule ni mtupu ndani.

Mama mkwe akaweka vijiti chini.

"Handakini? Kufanya nini?"

"Kujifunza, Bibi."

"Kujifunza giza?"

Hakula tena. Baadaye nikamkuta amemshika Ruru mabega. "Ukiwa mle ukasikia unaitwa jina, usiitike. Hata mara ya pili. Hata ikiwa sauti ya mwalimu. Hata ya mama yako. Hasa ya mama yako."

"Na kama ni mama kweli?"

"Mama wa kweli atakuja akushike mkono. Hana haja ya kukuita."

Nikacheka. Wewe na mimi tuliambiwa mangapi ya namna hiyo kila mwezi wa saba, mwezi wa mizimu. Lakini mama mkwe hakuwa na uso wa mtu anayesimulia mazimwi.

Oktoba 5
Mvua.

Oktoba 6
Mvua. Nepi hazikauki, nazianika juu ya chungu cha umeme cha wali.

Oktoba 11
Wameenda nyumba ya Mjapani. Ruru amerudi anafungua na kufunga mlango wa kabati jioni nzima, eti milango yao inateleza. Yule mtundu Dawei kalala kwenye mikeka akajifanya afisa, akaagiza chai. Mama mkwe akauliza jambo moja tu: "Handaki bado?"

Oktoba 19
Mvua. Ukungu umepanda ukutani hadi kimo cha Ruru. Nimefuta kwa siki. Umerudi.

Novemba 1
Mizinga. Nilikwenda kumpokea, nikamkuta Mwalimu Tsai chini ya mwavuli uliopinduka, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya matope, anawaambia watoto Wafaransa walipovamia zamani walitua upande gani. Wakati anaongea, udongo ukaporomoka nyuma ya ukuta wa ngome, kidogo tu, kama beseni mbili. Watoto wakashangilia. Mimi nikamvuta Ruru mbali na ukuta.

Kila jioni mama mkwe anauliza: "Bado hawajaenda?" Nikisema bado, anakwenda kuwasha uvumba kwenye meza ya waliotangulia.

Novemba 13
Nimekwenda shule kumwombea Ruru ruhusa asiende.

"Mama Ruru, unaogopa nini hasa?" Mwalimu Tsai ana sauti ya kuimbaimba. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

"Mvua. Mlima umelowa."

"Handaki limechimbwa kwenye jiwe. Limestahimili mabomu."

"Bibi yake hapendi."

"Bibi yake alikuwepo wakati wa vita? Angekuja atusimulie!"

"Haongei habari hizo. Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Kuna watu hawaongei."

Akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Hata bibi yangu haongei. Ndiyo maana nawapeleka. Njoo basi nawe, Mama Ruru. Watoto wengi, mimi mmoja. Na mimi pia naogopa giza."

Nikakubali. Nilitaka kuendelea kumchukia, nikashindwa.

Novemba 14 hadi 20
Mvua. Mvua. Pin homa ya meno. Mvua.

Novemba 22
Naandika huku Ruru amelala pembeni yangu, kaushika mguu wa Pin. Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikianzia katikati nitalia.

Tuliingia mchana. Pin nilimbeba mgongoni kwa mbeleko, amelala. Mlangoni unainama, ndani unasimama. Kuta zina alama za sururu. Watoto walishikana pindo za makoti ya mvua, mstari mmoja, mwalimu mbele na tochi, mimi nyuma na tochi yangu ndogo. Handaki linagawanyika. Mwalimu akatuonyesha tawi la kushoto: "Mle hatuendi. Kuna kisima walichochimba ili wapate maji ya kunywa. Kimefunikwa mbao, na mbao zimeoza." Nikamsikia Ruru akirudia polepole, kama anavyorudia hesabu: hatuendi, hatuendi.

Mbele tukafika pahala pana. Mwalimu akasema, "Sasa tutazima tochi kidogo, tujue walikaaje. Hakuna kuogopa. Mama Ruru, na wewe zima."

Nikazima. Dada, giza lile si la usiku. Usiku unajua dirisha liko wapi. Nikasikia maji yakidondoka, na pumzi za watoto, na moyo wa Pin mgongoni kwangu. Na ghafla Dawei akatoa sauti ya king'ora kwa mdomo, "Uuuuu! Uuuuu!" Wakapiga yowe wote. Wakasukumana, mtu kanikanyaga, mtu kaangukia ukuta. Tochi zilipowaka, upindo wa koti la Ruru mbele yangu haukuwepo.

"Ruru yuko wapi?"

"Alikuwa hapa!"

"Dawei, wewe mshenzi!"

"Nilikuwa natania!"

Mwalimu akaita jina lake la shuleni: "Lin Yunru! Lin Yunru!" Jina likaenda mbali, likarudi kutoka upande mwingine kwa sauti isiyokuwa ya mtu yeyote. Watoto nao wakaita, Ruru, Ruru, Ruru, mpaka handaki zima likawa linamwita. Hakuna jibu. Mwalimu akapeleka tochi tawi la kushoto. "Angekuwa karibu angeitika," akasema. "Mama Ruru, mwite wewe. Sauti yako ataijua."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Maana hapo ndipo nilipojua. Mwanangu hakuwa amezimia, wala hakuwa mbali. Alikuwa mahali fulani mle gizani ametusikia wote, amebana mdomo kwa mikono miwili, mtoto mtiifu. Na mimi nikimwita, ndiyo kwanza atarudi nyuma. Hasa sauti ya mama yako. Atarudi nyuma hatua kwa hatua, na nyuma yake kisima.

Nikamwambia mwalimu, "Wanyamazishe. Asiite mtu."

"Lakini Mama Ruru—"

"Nimesema asiite mtu!"

Wakanyamaza. Nikaingia mdomoni mwa lile tawi. Nikafikiri kuimba, nikaogopa, hata wimbo ni sauti yangu. Ndipo nikapeleka mkono nyuma, nikalitafuta paja la Pin chini ya mbeleko, nikamfinya. Mtoto amelala, hana kosa, nikamfinya mpaka akaamka na kulia. Akanyamaza kidogo kutafuta pumzi, nikamfinya tena. Alilia kilio ambacho sijawahi kumsikia. Na mimi nalia pamoja naye, bila sauti.

Wewe hujaishi na Ruru. Hawezi kuvumilia kumsikia Pin akilia. Huacha chakula, huacha choo, anakimbia.

Nikasikia koti la mvua likikwaruza ukuta. Nyayo mbili, kisha kimya. Pin akalia. Nyayo tena. Sikuwasha tochi kumwelekea, niliimulika chini ili auone mguu wa Pin unaning'inia kwenye mbeleko. Mkono mdogo ukatokea, ukaushika ule mguu.

"Analia nini?" akanong'ona.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Nyuma yake, karibu sana, mwanga wa tochi ya mwalimu ukaangukia mbao nyeusi.

Paja la Pin lina alama ya bluu ukubwa wa sarafu.

Novemba 23
Hakwenda shule. Anaongea, anakula. Lakini nikimwita haitiki.

Novemba 25
Nikimwita anakuja kimya, ananishika mkono kwanza, anaubonyeza, ndipo anauliza, "Unataka nini, mama?" Nadhani anahakikisha ni mimi.

Novemba 27
Amerudi shule. Mwalimu anaita majina, kila mtoto anasema "Nipo." Yeye anainuka kimya, anakwenda mbele na kumshika mwalimu mkono. Wenzake wanamwita Bubu. Dawei, anasema mwalimu, amewapiga wawili waliosema hivyo, na sasa yeye ndiye anayeadhibiwa.

Novemba 28
Mvua. Nimemwita. Hakuitika.

Novemba 29
Nimemwita. Hakuitika.

Desemba 2
Nimeogopa leo kuliko handakini. Pale uchochoroni kwetu pikipiki ya kubeba gesi ilikuwa inarudi nyuma, mitungi imemzuia dereva asione. Ruru alikuwa ameinama anachezea maji ya mfereji. Nikapiga kelele, "Ruru! Ruru, toka!" Mtoto yeyote angeruka. Yeye alikakamaa. Alisikia jina lake, akasimama kama kigingi, mikono mdomoni. Mwenye duka la tambi ndiye aliyemnyakua kwa kola.

"Mama Ruru, mtoto wako hasikii?" akanifokea.

Anasikia. Ndiyo shida yenyewe.

Nikampandisha nyumbani, nikamkuta mama mkwe anachambua majani ya viazi. Sijawahi kumpandishia sauti tangu niolewe, unajua.

"Mama, mjukuu wako amekoswa na pikipiki kwa sababu nimemwita. Uliyemfunga mdomo ni wewe. Utaufungua wewe."

Akaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa majani na kubakiza vikonyo.

Desemba 3
Asubuhi mama mkwe amefanya yale mambo yetu ya kuiita irudi roho ya mtoto aliyeshtuka. Kajaza mchele bakulini, kalifunika kwa fulana ya Ruru, akazungusha juu ya kichwa chake na uvumba, akaanza: "Lin Yunru, rudi nyumbani. Lin Yunru, rudi nyumbani."

Ruru kamtazama, machozi yanamtoka, midomo imekazwa. Masikini, anaitwa tena! Bibi yuleyule aliyemkataza.

Mama mkwe akaona. Bakuli likainama, mchele ukamwagika sakafuni. Akakaa papo hapo kwenye mchele na kusimulia. Alimsimulia Ruru, mimi nilikuwa tu mlangoni na Pin.

"Nilikuwa mkubwa kidogo kukuzidi. Nilikuwa na mdogo wangu, A-Bun, ana miaka sita. King'ora kimelia mchana, tumekimbilia handakini, lile lile. Mama alikuwa kwingine, kwa jirani. Mgambo mlangoni anaita watu kwa majina ya Kijapani tuliyopewa, kila mtu anaitika. Kisha nikasikia mama huko nje, anaita jina la nyumbani: A-Bun! A-Bun! Alikuwa hajui tumeingia handaki lipi. Anatutafuta. A-Bun akaitika, 'Nipo!' Akaniponyoka mkono. Nilikuwa nimemshika, Ruru. Nilikuwa nimemshika hivi."

Akaonyesha kwa kukamata hewa.

"Mama alibaki hai. Ukuta ulimkinga na bomu. Aliishi miaka mingi baadaye, lakini hakumwita tena mtu yeyote jina. Akikutaka, anakuja kukushika mkono. Sisi wote tulikua hivyo."

Dada, nikawaza mume wangu. Miaka yote hii nimelalamika kwamba haniiti, ananigusa bega tu kama mtu wa dukani.

Ruru akauliza, "Bibi, A-Bun alikosea kuitika?"

Mama mkwe akakusanya punje za mchele kwa kiganja. "Hapana," akasema. "Mtoto akiitwa na mama yake, aseme nini tena? Aliitika vizuri. Sauti yake ilikuwa nzuri. Ni mimi sijui kulisema hili."

Nilimwona kwa mara ya kwanza. Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani ni mwanamke mkali. Kumbe ni mtoto aliyebaki na mkono mtupu.

Desemba 4
Hakuitika.

Desemba 6
Hakuitika. Mvua na upepo.

Desemba 8
Mama mkwe amemwambia, "Basi, tusikuite. Wewe ndiye uniite mimi." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Ruru kasimama nje muda mrefu. Kisha kwa sauti kama ya mbu: "Bibi."

Nikadhani hakusikia. Nilipotaka kugonga, nikasikia kwikwi, halafu: "Nipo."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo tangu vita, amenieleza baadaye, huku ananikaripia nisimtazame.

Desemba 9
Wameita na kuitikiana mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio.

Desemba 13
Ruru anawaita wote. "Mama!" "Nipo." "Bibi!" "Nipo." "Pin!" Pin anacheka, kwake hilo limetosha. Baba yao karudi na lori, kakaa hajavua hata viatu. "Baba!" Akatutazama kama tumerukwa akili. Mama yake akamwambia, "Itika, wewe. Hujafunzwa adabu?" Akaitika. Alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Lakini sisi tukimwita Ruru, bado.

Desemba 16
Bado. Nimempeleka shule kwa mkono hadi ndani ya geti. Naota pikipiki.

Desemba 19
Nilitoka sokoni na mifuko miwili ya ngisi, mvua imeingia hadi kwenye sidiria. Chini ya ngazi mfuko mmoja ukapasuka. Nilikuwa nimechoka, Dada, nimechoka mpaka nikasahau kuogopa. Nikapiga kelele kama mama yeyote wa Keelung: "Ruru! Shuka unipokee!"

Na juu huko: "Nimesikia! Kwani mimi kiziwi?"

Nilikaa kwenye ngazi, kati ya ngisi. Alishuka anabamiza miguu, amenuna. Nilitaka kumkemea kwa kunijibu vile, maana adabu ni adabu. Nitamkemea. Lakini kesho.

Desemba 20
Nimemkemea.

Desemba 24
Mwalimu Tsai amekuja nyumbani na machungwa, akainama mbele ya mama mkwe mpaka nywele zikagusa meza. Anataka kuomba radhi kwa kuzima tochi. Mama mkwe akamwambia, "Mwalimu, keti, unanitia kizunguzungu." Wakanywa chai. Kisha, bila kuulizwa, mama mkwe akasema baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi atakwenda na darasa lile mpaka handakini. Hataingia ndani, atasimama mlangoni, awasimulie habari za A-Bun. Mbao za kisima zibadilishwe kwanza, amesema, na diwani aambiwe, na huyo diwani mwenyewe akanyage kila ubao.

Ruru anataka kwenda. Amesema atamshika bibi mkono, na bibi asiposema vizuri atamsaidia.

Naogopa. Sitakudanganya. Mlima bado unatiririka, na nikifumba macho naziona zile mbao nyeusi. Lakini nimesema ndiyo, na nitakwenda nao, na Pin nitamwacha kwa jirani.

Desemba 30
Daftari limebaki kurasa mbili. Kesho baba yao, A-Hong, anateremka kusini na lori, atakuachia mwenyewe. Usimruhusu aondoke bila kula.

Vitu ambavyo bado navihitaji, umpe arudi navyo:

Viatu vya mvua vya Ruru, namba moja juu ya vile ulivyoleta, rangi yoyote isiyo nyeusi, aonekane.

Tochi mbili kubwa na betri zake, usinunue zile za sokoni zinazofifia.

Ile dawa yako ya michubuko. Alama ya Pin imekwisha, ila mimi naitaka iwepo nyumbani.

Sukari guru ya huko kwenu, kipande. Mama mkwe anasema A-Bun aliionja mara moja tu akaiongelea mwezi mzima. Funga vipande viwili, kimoja Ruru atakila njiani kabla hakijafika meza ya waliotangulia.

Nguo za karatasi za kumchomea A-Bun zimfikie aliko, za mtoto wa miaka sita. Hapa wanauza za watu wazima tu, atapotelea ndani. Shati, suruali, na koti zito, maana ilikuwa baridi.

Na viatu vya karatasi, vidogo kabisa utakavyopata. Alitoka handakini peku.